Jinsi ya kujenga kazi ya utafiti wa VVU na dawa zake, kwa anayeanza kutoka sifuri

Wadogo zangu mnaoniuliza kila mara "nisome nini ili niwe mtafiti wa virusi vya UKIMWI", leo nimekaa niandike yote kwa pamoja, maana nikijibu mmoja mmoja kuna vitu nasahau na vingine vinataka maelezo marefu. Naandika kama mtu aliyekaa maabara miaka mingi na bado anaipenda hii kazi, kwa hiyo mtanivumilia pale nitakapong'ang'ania kitu kimoja, ndo vitu vyenyewe vilivyonichukua muda kuvielewa.

Kabla ya chuo, kabla hata ya kuwaza skolashipu, tafuta swali. Na swali siyo "nataka kutibu UKIMWI", hayo ni matumaini ya dunia nzima. Swali ni kitu ambacho wewe na mikono yako mnaweza kukipima. Kwa nini virusi vya mtu huyu vimekuwa sugu na mwenzake anayemeza dawa hizohizo bado yuko vizuri? Mtu akimeza dawa miaka ishirini bila kukosa hata siku moja, virusi vilivyobaki vimejificha kwenye seli zipi? Kwa nini wapo watu wachache sana ambao miili yao inavidhibiti virusi yenyewe bila dawa yoyote? Unaona hayo, kila moja unaweza ukaamka nalo asubuhi ukajua leo unapima nini. Nimeona vijana wengi wanaingia kwa kupenda mashine, wanajifunza mashine moja tu mpaka wanaibobea, afu miaka mitano mbele inakuja mashine nyingine na wao wanabaki hawajui wanatafuta nini. Mwenye swali anabadilisha vifaa na safari inaendelea.

Ngoja niwape mfano wa swali lililobadilisha tiba yote, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nikisikia mtu anasema hesabu haimhusu kwa kuwa yeye ni mtu wa baiolojia, huwa naumia.

AZT ilitengenezwa mwaka 1964, ikilengwa kwa saratani, ikawekwa pembeni. Mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya VVU. Watu wakapata nafuu, ila baada ya miezi nafuu ikaanza kuyeyuka, virusi vikawa sugu. Kwa nini? Wakati huo wengi waliamini kwamba ile miaka karibu kumi kati ya kuambukizwa na kuugua virusi vinakuwa vimetulia tu, kama vimelala. Mwaka 1995 David Ho na wenzake, na kundi la George Shaw nao kwa upande wao, wakafanya kitu ambacho ukikiangalia leo unaona ni rahisi kabisa: waliwapa wagonjwa dawa mpya zenye nguvu, afu wakapima damu mara kwa mara kuona virusi vinashuka kwa kasi gani. Vilishuka haraka sana ndani ya siku chache. Sasa fikiria, kama ukifunga bomba na tangi likakauka haraka hivyo, maana yake kabla hujafunga maji yalikuwa yanaingia na kutoka kwa kasi ya kutisha. Alan Perelson, ambaye ni mtu wa fizikia na hesabu, akashirikiana na kina Ho kupiga hizo hesabu vizuri, na mwaka 1996 wakaonyesha kwamba mwilini mwa mtu asiyetibiwa vinazalishwa virusi kama bilioni 10 kwa siku. Kwa siku! Hakuna kilicholala pale, ni vita ya kila saa, mwili unajaza askari na virusi vinawaua.

Haya, sasa weka hiyo namba pembeni, chukua nyingine. Jenomu ya VVU, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, ina herufi kama elfu kumi hivi, na kimeng'enya chake kinachogeuza RNA kuwa DNA (sisi tunakiita RT) ni mnakili mzembe, kinakosea takriban herufi moja katika kila herufi elfu thelathini. Zidisha mwenyewe: karibu kila nakala tatu mpya za virusi, moja ina kosa. Kwa virusi bilioni kadhaa kila siku, karibu kila kosa la herufi moja unaloweza kuliwaza linatokea mwilini mwa mtu huyo leo hii, na kesho tena. Kwa hiyo kama dawa yako moja inaweza kushindwa kwa kosa moja tu, basi kirusi sugu kipo kabla hata mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza! Ila ukimpa dawa tatu zinazohitaji makosa matatu tofauti kwenye kirusi kimoja kwa wakati mmoja, uwezekano unaporomoka mpaka karibu na hakuna. Ndo maana kuanzia 1996 watu wakaanza kupewa mseto wa dawa tatu, na vifo vikaanguka kwa namna ambayo waliokuwa wodini miaka hiyo wanaielezea mpaka leo machozi yakiwatoka. Mseto huo una hesabu ndani yake. Soma takwimu, jifunze kuandika programu kwa R au Python, usikimbie.

Kuhusu shule sitazungumza sana. Digrii ya kwanza inaweza kuwa baiolojia ya molekuli, maikrobaiolojia, baiokemia, famasia, udaktari, zote zinafika. Thumbi Ndung'u, mzaliwa wa Kenya ambaye leo ni kati ya wanasayansi wakubwa wa VVU duniani, alianzia udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda kufanya PhD Harvard, na huko yeye na wenzake wakatengeneza nakala inayoambukiza ya VVU aina ya C kutokana na virusi vilivyotoka Botswana. Hilo lilikuwa na uzito kwa sababu aina C ndiyo inayobeba karibu nusu ya maambukizi yote duniani, wakati maabara nyingi zilikuwa zimezoea aina B ya Ulaya na Marekani. Unaona tena, swali lilitangulia: mbona virusi vinavyoua watu wengi zaidi ndivyo tunavyovijua kidogo? Baada ya digrii kuna uzamili, kuna PhD, kuna miaka ya utafiti chini ya mtu mwingine kabla hujapewa kundi lako. Jipange kwa zaidi ya miaka kumi, na uwaambie mapema watu wanaokutegemea nyumbani ili wasidhani umepotea.

Msimamizi. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko pale kwenye shule. Usichague jina, chagua mtu. Kabla hujakubali nafasi, watafute wanafunzi wake wa zamani, wale walioondoka, siyo wale waliopo maana waliopo hawawezi kusema. Waulize: ulichukua muda gani kumaliza? Jina la kwanza kwenye makala zako lilikuwa lako? Na hili ndo kubwa zaidi, jaribio lako liliposhindwa kuthibitisha alichokiamini yeye, alifanyaje? Mimi niliwahi kufanya kazi chini ya mtu ambaye ukimletea matokeo yasiyokubaliana na wazo lake anakwambia "rudia", ukirudia ukapata yaleyale anakwambia "rudia" tena, mpaka siku yatoke anavyotaka, na hiyo siku ndo anaandika. Nilikaa mwaka na miezi kadhaa nikidhani tatizo ni mikono yangu. Nilipohama nikakuta msimamizi ambaye matokeo yakipishana na wazo lake anavuta kiti anakaa, anasema tuangalie vizuri hapa kuna kitu. Tofauti ya hao wawili ndiyo iliyoamua kama ningebaki kwenye sayansi.

Sasa maabara yenyewe. Kuna simulizi moja huwa nampa kila mwanafunzi wangu siku ya kwanza anapovaa koti. Januari 1983 pale Taasisi ya Pasteur, Paris, Françoise Barré-Sinoussi alikuwa na seli zilizotoka kwenye tezi ya mgonjwa, wakishirikiana na Luc Montagnier na Jean-Claude Chermann. Walikuwa wanapima kila baada ya siku chache kama kuna kazi ya kile kimeng'enya cha RT, ambacho Howard Temin na David Baltimore walikuwa wamekigundua mwaka 1970. Ishara ikaonekana, afu ikaanza kushuka, na walipoangalia seli wakakuta zinakufa. Mtu mwingine angesema jaribio limeharibika, mwaga, anza upya. Wao wakachukua seli nyeupe kutoka kwa damu ya mtu aliyejitolea damu, wakaziongeza mle, na kimeng'enya kikapanda tena. Yaani kilichokuwa mle ndani kilikuwa kinaambukiza seli mpya na kuziua. Virusi vya familia hiyo, yaani vyenye kimeng'enya cha RT, vilivyokuwa vimezoeleka kwa binadamu vilikuwa vinafanya seli ziongezeke, siyo zife. Makala ikatoka mwezi Mei mwaka huohuo, na 2008 Barré-Sinoussi na Montagnier wakapewa tuzo ya Nobel. Sasa jiulize, wangekuwa wanapima mara moja kwa mwezi je? Seli zingekufa zote na wasingeona chochote. Kwa hiyo ratiba yako ya kupima usiichukulie kama urasimu, na kitu kikifa kwenye sahani yako usikimwage kabla hujauliza kimeuawa na nini.

Usalama, nalo nitalisema wazi. VVU hai vya kukuzwa kwa wingi vinafanyiwa kazi kwenye maabara ya usalama ngazi ya 3, yenye hewa inayovutwa kuingia ndani na kuchujwa, glovu mbili, na hauingii peke yako kama hujafundishwa. Majaribio mengi ya mwanzo lakini unaweza kufanya ngazi ya 2 kwa kutumia virusi vya kuigiza, vile vyenye ganda la VVU ila vinaweza kuingia seli mara moja tu haviwezi kuzaliana. Anza na hivyo. Ukijichoma na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 katika 1000, mdogo ila upo, na dawa za kinga zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na isipite saa 72, unazimeza siku 28. Usifiche kwa kuona aibu. Nimewahi kumsindikiza mwenzangu kliniki saa nne usiku, alikuwa analia siyo kwa kuogopa virusi, alikuwa anaogopa kufukuzwa. Maabara inayomfanya mtu aogope kuripoti ajali ni maabara ya kuhama.

Daftari lako la maabara andika siku hiyohiyo, kwa kalamu, na namba za chupa na tarehe ya dawa kuisha. Na vipimo vya kulinganishia visivyo na sampuli usiviruke hata siku moja. Mwaka wangu wa pili niliona mfuatano wa herufi wa ajabu kutoka kwa sampuli nne tofauti, nikafurahi wiki mbili nzima, nikaanza na kuandika. Mtu mmoja mtaratibu sana akanishauri nichore mti wa ukoo wa hizo sampuli pamoja na virusi vya kawaida vya maabara, HXB2 na NL4-3. Nikachora. Sampuli zangu zote nne zikakaa tawi moja na NL4-3, yaani nilikuwa nimechafua mchanganyiko wa PCR (ile mbinu ya kuzidisha vinasaba) na vinasaba vya maabara yetu wenyewe. Tangu hapo kila data inayopita kwangu, kabla ya kitu chochote, mti kwanza. Na chumba cha kuandaa mchanganyiko kiwe mbali na chumba cha kufungulia kilichokwisha zidishwa, pipeti zisihame.

Kuna uwanja gani sasa hivi wenye kazi ya kutosha? Mwingi kuliko mnavyodhani, msidanganywe na wanaosema VVU imeisha kwa sababu dawa zipo. Hifadhi ya virusi vilivyojificha ndiyo inayonikosesha usingizi mimi: mwaka 1997 ilionekana kwamba hata kwa wanaomeza dawa vizuri kuna seli za kinga za CD4 za kumbukumbu zilizopumzika, ndani yake virusi vimejipachika kwenye DNA vikakaa kimya, dawa haziwagusi kwa sababu hakuna kinachozalishwa. Hiyo hifadhi inachukua kama miezi 44 kupungua nusu, ukipiga hesabu kuimaliza kwa dawa pekee inahitaji zaidi ya umri wa mtu. Timothy Ray Brown alipona baada ya kupandikizwa uboho wa mtu asiye na CCR5 kwenye seli zake, ule mlango ambao virusi vinautumia kuingia, kuanzia 2007, ila ile ilikuwa tiba ya saratani ya damu na ilikaribia kumuua, huwezi kumpa kila mtu. Na kuna yule mtoto wa Mississippi aliyetangazwa 2013, akakaa zaidi ya miaka miwili bila dawa na bila virusi kuonekana, 2014 vikarudi. Ukisoma hiyo kesi, soma kwa heshima, na ujifunze kuwa mpole na neno "kupona".

Chanjo nayo bado. Jaribio la Thailand la 2009 lilionyesha ulinzi wa kama asilimia 31, yaliyofuata makubwa yakasimamishwa 2020 na 2023 kwa kukosa matokeo. Wanaofanya kazi hiyo wanahitaji moyo wa aina yake na nawaheshimu sana.

Afu angalia lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hakuna hata mmoja! Dawa hiyo inashika kapsidi, lile ganda la ndani lenye umbo la koni. Miaka ya tisini watu kama Wesley Sundquist wa Utah walikuwa wanachunguza tu lile ganda limejengwaje, protini zake zinakaaje pamoja, na wakati huo ungewauliza itatibu nini wasingekuwa na jibu la kukupa. Kwa hiyo kama swali lako la kapsidi au la kimeng'enya linaonekana dogo na halina mgonjwa ndani yake leo, usilitupe.

Makala na ruzuku nitasema machache. Andika mapema, kwa lugha rahisi, na matokeo hasi nayo yaandike maana yanaokoa mwaka wa mtu mwingine. Ombi la fedha lisomeshe kwa mtu asiye wa fani yako, asipoelewa ukurasa wa kwanza liandike upya. Utakataliwa mara nyingi, wote tunakataliwa.

Ila hili la watu siwezi kulipita haraka. Kila kichupa kwenye friza kilitoka kwenye mkono wa mtu aliyekaa kwenye benchi akakubali kuchomwa, wengi wakijua kabisa kwamba matokeo hayatawasaidia wao. Nenda kliniki. Hata kama wewe ni mtu wa kompyuta tu, nenda ukakae siku nzima uone muuguzi anavyoeleza fomu ya ridhaa, uone mama anavyoficha kopo la dawa kwenye mkoba. Sema "mtu anayeishi na VVU", acha maneno ya "waathirika". Na utafiti ukiisha warudishie majibu kwa lugha wanayoielewa, kabla hujapanda ndege kwenda mkutanoni. Mzee mmoja alituuliza kwenye kikao, "damu yangu mliyochukua mwaka ule ilisemaje?" na tulikuwa tumeshachapisha makala mbili, yeye hajaambiwa neno. Nilishindwa kumtazama. Toka siku hiyo kwenye bajeti zangu kuna mstari wa kikao cha kurudisha majibu na siukubali ufutwe.

Mwisho, kazi ya wiki hii kwa asiye na maabara, unahitaji kompyuta na intaneti tu. Ingia GenBank, hifadhi ya bure ya mifuatano ya vinasaba, tafuta K03455, huyo ndo HXB2, herufi 9,719, pakua. Nenda herufi ya 3099 mpaka 3101. Utakuta ATG, hapo ni ndani ya RT, nafasi ya 184 ya protini hiyo. Badilisha ile A iwe G, inakuwa GTG, yaani kiungo kimoja cha protini, methionini, kimekuwa kingine, valini, na kwa herufi hiyo moja dawa ya VVU iitwayo lamivudine inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Afu peleka mfuatano wako kwenye kanzidata ya usugu ya Stanford, ni bure, uone inakupa jibu gani dawa kwa dawa. Utaona kitu: kwa AZT na dawa nyingine iitwayo tenofovir, kosa hilohilo linamfanya kirusi awe dhaifu zaidi mbele ya dawa. Andika kwenye karatasi kwa nini unadhani iko hivyo, kwa maneno yako, kabla hujaenda kusoma walichosema wengine. Nitumieni hizo karatasi, nitazisoma zote.